Kikundi: Cape Town na Bibi

Neema: Shikamooni wakubwa wangu. Dani, Furaha, mambo. Nimefungua kikundi hiki tupange kwa maandishi, maana kwenye simu kila mtu anaelewa lake. Wiki moja, mwisho wa Aprili: Cape Town mjini, pwani yake, halafu mashamba ya mizabibu. Tunatoka Dar tarehe 25, siku moja kabla ya sikukuu ya Muungano. Semeni.

Mama Mdogo Zuhura: Marahaba mwanangu. Aprili si masika hiyo? Tutalowa.

Neema: Masika ni yetu Mama Mdogo. Kule mvua kubwa zinanyesha wakati wa baridi, Juni hadi Agosti. Aprili kwao majani yanapukutika, joto limeshapungua, na ule upepo mkali wa kiangazi unakuwa umetulia kiasi. Jioni utahitaji sweta tu.

Dani: Mimi nataka nyangumi wa Hermanus! Hayo mengine pangeni nyie.

Furaha: Dani, nyangumi wanaanza kuingia Juni, na wengi wanaonekana kati ya Agosti na Oktoba. Aprili utaendeshwa kama kilomita 120 ukatazame mawimbi. Utapata pengwini ufukwe wa Boulders, pale Simon's Town. Wale wapo mwaka mzima na unawaona karibu kabisa, njia ya mbao inapita juu ya mchanga na wao wamelala chini yake.

Dani: Na kuogelea?

Furaha: Upande wa Atlantiki, Camps Bay na kule kote, maji ni ya baridi kali kwa sababu ya mkondo wa Benguela. Utaingia mguu na kutoka mbio. Muizenberg ina nafuu. Lakini usitegemee maji ya Kigamboni.

Shangazi Rehema: Nimesoma yote. Msimamo wangu kuhusu pombe mnaujua. Sitaki kuwaharibia, ila hizo siku za mvinyo mimi nitakuwa nafanya nini? Niacheni mjini na Mama.

Baba Mdogo: Dada, naomba nikujibu vizuri, maana safari hii nimeitaka mimi. Unajua lile shamba langu la Hombolo. Chenin Blanc niliyopanda pale ndiyo zabibu ya mvinyo inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, wenyewe wameizoea kwa jina la Steen. Huku kwetu mzabibu haulali. Hakuna baridi ya kuulaza, ukiukata matawi unachipua, ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kule wanavuna mara moja, kuanzia Januari hadi Machi au Aprili mwanzoni, kisha majani yanageuka manjano na mekundu, yanadondoka, mti unapumzika miezi yote ya baridi. Tangu nianze kilimo hiki sijawahi kuona shamba la zabibu lililopumzika. Nataka nione waya wamezifunga vipi, mistari wameachanisha kiasi gani, maji wanapeleka vipi. Na zaidi ya yote nataka kuwauliza wanauzaje. Mwaka juzi zangu ziliiva, mnunuzi tuliyeahidiana naye hakutokea, zikaanza kunyauka mtini na nikauza kwa bei ya kutupa. Siendi kunywa, Dada. Naenda shule.

Shangazi Rehema: Hapo nimekuelewa mdogo wangu. Kwa hiyo dereva wa mashambani ni mimi. Gari wanaendesha upande gani?

Furaha: Kushoto kama nyumbani, Shangazi. Na mashamba mengi yana mgahawa na juisi ya zabibu. Boschendal, shamba la tangu 1685, watu wanakaa nyasini chini ya miti na kikapu cha chakula, watoto wanakimbia. Hata anayeonja ana ndoo ya kutemea, hakuna anayekulazimisha kumeza. Franschhoek kuna pia tramu inayowazungusha watu shamba kwa shamba. Siku hiyo uache gari, upumzike na wewe.

Mama Mdogo Zuhura: Na chakula cha halali?

Furaha: Cape Town hilo lisikupe wasiwasi kabisa. Waislamu wapo tangu enzi za utumwa, walioletwa kutoka Indonesia, India, Madagaska, hata Msumbiji. Twende mtaa wa Bo-Kaap uone msikiti wa Auwal, wa mwaka 1794, wa kwanza nchini. Na Jumapili asubuhi wanauza koesister: ni kama andazi la iliki lililochovywa kwenye shira likapakwa nazi. Utasahau chai yako inapoa.

Neema: Nina rasimu. Jumapili Bo-Kaap na mlima, ule wa Meza (Table Mountain). Jumatatu pwani. Jumanne Jumatano mashambani. Alhamisi kisiwa cha Robben. Ijumaa...

Furaha: Dada, ngoja. Kisiwa usikiweke mwishoni. Bahari ikichafuka boti haziendi, na mlimani upepo ukizidi wanafunga kebo ya kupandia watu. Vitu vinavyotegemea hali ya hewa viweke siku za mwanzo, ili vikigoma leo ujaribu kesho. Zabibu hazina shida na upepo.

Neema: Kweli. Naandika upya.

Dani: Subirini, Bibi ameniita. Ameshasomewa kikundi chote na anataka niandike maneno yake kama anavyoyasema.

Dani: Bibi anasema: "Wanangu, nimesikia mlima, nimesikia ndege wasioruka, nimesikia zabibu. Mimi nimekubali kupanda ndege kwa sababu moja. Nikiwa msichana Kongwa, wale vijana wa ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walikuwa na kambi pale, kuanzia 1964. Tulikuwa tunakutana nao sokoni, wakitusalimia kwa Kiswahili cha kubabaisha. Jioni wakiimba, sauti zilifika mpaka kwetu, za chini na za juu zimepangana, mama yangu anaacha kupepeta anasikiliza. Wapo waliokufa hawajarudi kwao. Nataka kuona mahali alipofungwa Mandela, na nchi waliyokuwa wakiililia. Mkinipeleka hapo, kwingine kokote nitakaa kwenye gari nisiwasumbue."

Mama Mdogo Zuhura: Mama wewe hukai kwenye gari popote pale.

Baba Mdogo: Mama hajawahi kutusimulia hili la kupepeta. Asante Dani kwa kuandika.

Furaha: Bibi, shikamoo. Nilipokwenda, aliyetutembeza gerezani alikuwa mfungwa pale zamani. Chumba cha Mandela unakitazama kupitia nondo: mkeka sakafuni, blanketi zimekunjwa, kimeza kidogo, ndoo. Basi. Miaka 18 kati ya 27 aliikaa kisiwani. Kutoka bandarini mpaka mnarudi ni kama saa tatu na nusu, na kisiwani kuna basi, magoti yako hayatateseka sana.

Furaha: Na kuna jingine, Bibi. Mwaka 1982 walimtoa kisiwani wakampeleka gereza la Pollsmoor, mjini. 1988 wakamhamishia Victor Verster, na gereza hilo liko kule kule kwenye mizabibu, barabara ya kutoka Franschhoek kwenda Paarl. Langoni pale ndipo alipotoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, ameshikana mkono na mkewe Winnie. Siku hizi linaitwa Drakenstein, bado ni gereza, ila nje pana sanamu yake amenyanyua ngumi. Mimi napita pale nikienda Paarl.

Shangazi Rehema: Kumbe njia ya mashambani ndiyo njia yake ya kutoka! Basi mimi nitamshusha Mama langoni pale mwenyewe.

Dani: Bibi anasema tuanze kisiwani tumalizie langoni, na asibadilishe mtu.

Neema: Amri imepita. Sikilizeni sasa. Jumamosi 25 tunaruka kupitia Johannesburg, tunafika jioni, tunalala. Jumapili Bo-Kaap, na mlima kama kumetulia; sakafu ya kibanda cha kebo inazunguka yenyewe kikipanda, kwa hiyo Bibi ataona pande zote bila kugombea dirisha. Jumatatu 27 kisiwani. Hiyo ni sikukuu yao ya Uhuru, siku waliyopiga kura wote kwa mara ya kwanza 1994. Boti ikigoma, tunakwenda Jumanne na pwani inasogea. Tukirudi tupite City Hall, ukumbi wa jiji, tuione roshani aliyohutubia Mandela jioni ile alipotoka gerezani. Siku ya pwani ni barabara ya Chapman's Peak, pengwini, Cape Point. Jumatano tunahamia Franschhoek, Alhamisi yote ni ya Baba Mdogo na zabibu zake.

Baba Mdogo: Alhamisi Stellenbosch, tafadhali. Chuo chao ndicho Profesa Perold alikozalisha aina ya zabibu ya Pinotage mwaka 1925. Furaha, nitafutie mtu wa kilimo niongee naye hata nusu saa.

Furaha: Nimeshamwandikia mwalimu mmoja, Baba Mdogo.

Neema: Ijumaa langoni, na Jumamosi tunaondoka kutoka huko huko. Uwanja wa ndege uko upande wa mashambani, hakuna haja ya kurudi kulala mjini. Michango tuitume kwa Shangazi, bei za tiketi naleta jioni. Tiketi za boti nanunua kwanza kuliko kitu chochote, sikukuu zinaisha haraka.

Mama Mdogo Zuhura: Jamani, Mama ana pasipoti?

Dani: Hana. NIDA yake ninayo hapa, cheti cha kuzaliwa ndiyo tunatafuta.

Shangazi Rehema: Kiko kwangu, kwenye bahasha ya hati ya kiwanja. Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni na gari. Dani, mwambie Mama avae kitenge chenye rangi iliyokolea, pale uhamiaji wanapiga picha.