Civilization V: Sayansi yangu inashuka ilhali nina miji saba, naomba ushauri

Mlowezi wa Saba
Wakuu, habari za jioni. Ninacheza Civilization V, mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa, pamoja na nyongeza yake ya Brave New World, nikiongoza Ethiopia katika ramani ya ukubwa wa kawaida, na sasa nimefika zamu ya 128. Hazina yangu inasoma sifuri, mapato ni hasi 9 kwa zamu, na linalonishangaza zaidi ni kwamba sayansi iliyokuwa 41 imeshuka hadi 32 bila mji wowote kutekwa wala maktaba yoyote kuuzwa. Wenzangu wameshajenga vyuo vikuu, mimi bado ninaitafuta Elimu, teknolojia inayoruhusu kuvijenga. Je, nianzishe mji wa nane ili niongeze wakazi, au nimekosea mahali pengine?

Karani wa Hazina
Mkuu, 41 ukitoa 9 unabaki na ngapi? Hazina ikishakauka na mapato yakabaki hasi, mchezo huu hulipa pengo hilo kwa kukata sayansi, kwa hiyo wanazuoni wako ndio wanaolipa madeni ya serikali. Kabla ya kufikiria maktaba, kagua barabara, kwa sababu kila kigae (kipande kimoja cha ramani) cha barabara hula dhahabu 1 kwa zamu, na mji mdogo ulioungwa na mji mkuu kwa njia ndefu mara nyingi haurudishi gharama hiyo.

Mlowezi wa Saba
Nimehesabu vigae 27, na 8 kati ya hivyo vinakwenda sambamba na barabara nyingine kuelekea mji uleule. Nakiri kwamba wafanyakazi niliwaacha wajiendeshe wenyewe.

Bibi Mkakati
Hilo la wafanyakazi limewaponza wengi, mimi nikiwamo. Wape amri ya kuondoa hivyo 8 leo hii. Kuhusu mji wa nane, nakusihi usiuguse. Katika ramani yako kila mji unaoongezwa hupandisha gharama ya kila teknolojia kwa asilimia 5, maana yake tayari unalipa karibu asilimia 30 zaidi ya mtu mwenye mji mmoja. Tena Chuo cha Taifa, ambacho huongeza asilimia 50 ya sayansi katika mji kinapojengwa, hakiwezi kuanza mpaka kila mji wako uwe na maktaba. Nadhani kila ulipokaribia kukianza ulituma walowezi wengine kuanzisha mji mpya usio na maktaba, ukajifungia mlango mwenyewe. Wewe ni Ethiopia, taifa ambalo majeshi yake hupigana vizuri zaidi dhidi ya adui mwenye miji mingi kuliko lenyewe, hivyo kubaki mdogo hakukudhuru hata jirani akija.

Nahodha Mstaafu
Nakubaliana na Bibi, ila ameisahau biashara. Kama una chumvi au pembe za ndovu za ziada, wauzie majirani kwa malipo ya kila zamu. Kisha angalia njia zako za biashara: meli ukiielekeza Zanzibar, ambayo humu ni dola-mji, yaani nchi ndogo ya mji mmoja, itakuletea dhahabu peke yake, lakini ukiielekeza kwa taifa lililokutangulia kwa teknolojia itarudi na dhahabu pamoja na sayansi. Kwako wewe kuwa nyuma kuna faida. Wapo watakaokuambia upeleke chakula mji mkuu kwa misafara ya ndani. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye akiba, na wewe huna.

Mlowezi wa Saba
Narudi na taarifa, sasa ni zamu ya 141. Barabara 8 zimeondolewa, chumvi imeuzwa kwa majirani wawili, na meli mbili zilizokuwa zikienda Zanzibar nimezielekeza kwa taifa lililo mbele yangu. Mapato ni chanya 14 na sayansi imepita 41 ya mwanzo. Maktaba ya mji wa saba, ambayo ingechukua zamu 11 kujengwa, nitainunua hazina ikitosha, na Addis Ababa imeshaamriwa kuanza Chuo cha Taifa mara tu baada ya hapo. Walowezi niliokuwa nimeanza kuwaandaa nimewafuta.