Magnolia: jina la nani, na Nyali itakubali?

bustani_nyali: Hamjambo. Kuna miche miwili inauzwa kwa jina la magnolia. Mmoja una majani manene, juu yanang'aa na nyuma yana rangi ya kutu. Wa pili majani yake ni marefu na laini, muuzaji auita champa. Ni mti mmoja? Upi utakubali ardhi ya matumbawe ya huku Nyali, Mombasa? Na hilo jina ni la nani?

mizizi: Ni ndugu, si mti mmoja. Wa kutu ni Magnolia grandiflora, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani. Champa ni Magnolia champaca wa Asia, na kwa joto la pwani huyo ndiye. Zamani aliitwa Michelia, ndiyo maana vibao vya zamani vinatofautiana. Ila angalia: kuna wanaouita mti wa franjipani, ambao ni jamii nyingine kabisa, champa pia. Kata jani, likitoa utomvu mweupe, umeuziwa franjipani.

Jina ni la Pierre Magnol (1638–1715), mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Ufaransa. Charles Plumier, mtaalamu mwingine wa mimea wa Ufaransa, alilitoa mwaka 1703 kwa mti wa kisiwa cha Martinique, na Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya mimea, akalishika. Hiyo "gn" ni "ny" yetu, kwa hivyo manyolia ndiyo karibu zaidi na Kifaransa. Na huyo Plumier naye ana mti wake: Plumeria, franjipani yenyewe!

shamba_la_pwani: Tatizo la Nyali ni chokaa. Magnolia hutaka udongo wenye asidi kidogo. Kwenye chokaa mizizi haipati chuma, majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Chimba shimo la sentimita 80 kwa 80, jaza udongo mwekundu na mboji, nusu kwa nusu, panda masika yakianza. Mizizi yake ni minene na huvunjika upesi, basi usiipangue wala usiuhamishe mti baadaye. Tandaza majani makavu, yasiguse shina.

Ukiona njano, tumia mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA, yaani kemikali inayoshikilia chuma kisikamatwe na chokaa. Ya EDTA ni kupoteza pesa bure pH (kipimo cha asidi ya udongo) ikipita 7.

bustani_nyali: Shukran. Jivu la jikoni je?

shamba_la_pwani: La, linaongeza chokaa. Maji ya kisima vilevile, na huko yana chumvi juu yake. Kinga maji ya mvua, utumie hayo.

mizizi: Ukipanda mbegu za champa, ziwe mbichi. Osha ile nyama nyekundu yote kwanza, ina mafuta na huzuia kuota. Zikikauka wiki chache, tupa.