Gimbali inatetemeka tangu nitoke Kibirizi, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Napiga video za harusi na sendofu hapa Kigoma mjini, mimi ndiye mshika gimbali, kile kishikio chenye mota kinachotuliza kamera isitikisike. Jumamosi iliyopita tulimrekodi bibi harusi akishuka boti pale Kibirizi, upepo wa ziwa ukavuma, mchanga ukaturukia. Tangu siku hiyo mota ya kuinamisha kamera inatetemeka. Nikiizungusha kwa kidole ikiwa imezimwa, nasikia kama chumvi inasagwa.

Nimeshabalansi upya mhimili mmoja mmoja, betri na lenzi vikiwa mahali pake. Nimefanya kalibresheni, yaani kuifanya ijipime upya usawa wake, juu ya meza. Nimepunguza nguvu ya mota, mtetemo ukapungua, ila sasa nikigeuka haraka kamera inalegea kama mlevi. Lenzi ya zumu nimeiweka kando, natumia ya milimita 35 tu. Mwenzangu ananishauri nipulizie WD-40, ile dawa ya kopo ya kulainisha vyuma, lakini roho inasita.

Naomba kujua: mota ya namna hii hufunguliwa ikasafishwa, au nikiigusa ndiyo nimeiua? Na kuna fundi mnayemwamini Kigoma au Tabora, au niitume Dar moja kwa moja? Wiki mbili zijazo nina harusi Ujiji, advansi nimeshakula.