Azimio la kazi la Hisabati Kidato cha Nne limenibana, naomba ushauri

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha Hisabati Kidato cha Nne, shule ya kata, vipindi sita kwa wiki. Azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha kwa mwaka) linataka mwisho wa Juni niwe nimemaliza vekta, lakini bado niko trigonometria. Maandalizi ya UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari) na mitihani ya mwezi vimekula vipindi, ila kinachonichelewesha zaidi ni msingi: mwanafunzi anajua sin θ ni nini, akipewa 0.5 = x/12 atafute x, anakwama. Narudi aljebra ya Kidato cha Pili, wiki imeisha.

Nimejaribu vipindi vya jioni. Wanaokaa mbali, ndio hasa wenye shida, hawawezi kubaki. Kufundisha mbiombio ili shajara ya somo (daftari la kurekodi mada zilizofundishwa) ionekane imejaa, hapana, sitaki.

Mbele kuna matriksi, ambayo kwenye mtihani wa taifa wa Novemba hutoka sehemu B, swali zima alama 10. Siwezi kuigusa juu juu.

Naomba kuuliza: mnaruka mpangilio wa mada na kuitanguliza matriksi kabla ya mock (mtihani wa majaribio)? Na marudio ya msingi mnayapangia kipindi chake kila wiki, au mnayachomeka ndani ya mada?