Nimeambiwa siponi, nami nimerudi kuchora. Nyumbani wanalia. Nifanyeje?

Wadau, habari zenu. Naombeni mnisome mpaka mwisho.

Nina miaka 51. Miezi minne iliyopita daktari aliniambia saratani ya kongosho imeshafika kwenye ini, kilichobaki ni kupunguza makali. Wiki tatu nililala nikitazama ukuta. Usiku mmoja usingizi ulikata, nikavuta kasha la uvunguni kutafuta shuka, nikakuta penseli zangu za ujanani. Kuchora niliacha nilipojifungua mtoto wa kwanza, nina miaka 27. Nikauchora mkono wangu wa kushoto, mshipa kwa mshipa, pamoja na plasta ya pale walipochomoa sindano ya dripu. Kuinua kichwa, kumekucha.

Tangu hapo nachora kila siku, na kuna saa najihisi niko hai kuliko nilivyokuwa kabla sijaugua. Lakini mume wangu anasema najichosha. Binti yangu mkubwa akiliona daftari anatoka nje kulia. Juzi nimemsikia akimwambia mdogo wake, "Mama anaaga." Jamani, mbona mimi naona ni kinyume chake! Tena vidole vimeanza kufa ganzi, penseli inaniponyoka. Niendelee, au muda huu niwape wao? Najiona mchoyo.

Tulizo: Pole sana dada. Endelea. Mungu akupe wepesi.

Muuguzi_wa_Usiku: Pole dada yangu. Mimi nipo kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Hiyo ganzi mwambie daktari kabla ya dozi ijayo, usingoje. Baadhi ya dawa za saratani huumiza neva, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Kwa sasa izungushie penseli sponji iwe nene, na uweke mto chini ya kiwiko. Dawa ya maumivu meza kwa saa zake kama ulivyoandikiwa, usisubiri yakuzidi ndipo umeze. Angalia pia ni saa ngapi mwili una nguvu, hiyo ndiyo saa ya kuchora, mengine yafuate.

Kama hujaunganishwa na tiba shufaa, omba sasa hivi. Wengi hudhani ni ya siku za mwisho tu. Utafiti wa Marekani uliotoka 2010, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kuwa walioanza mapema waliishi kwa nafuu zaidi, na hata muda wao ulizidi wa wenzao kwa zaidi ya miezi miwili. Ugonjwa wako ni mwingine, siwezi kukuahidi hilo. Nafuu naiona kila siku kazini.

Mwana_wa_Fundi: Mama, naomba nikupinge kidogo. Marehemu baba alipoambiwa kama wewe alijifungia na kazi zake, sisi tukabaki mlangoni tukisikia randa. Kazi yake haikunikera hata siku moja. Kiliniuma kutoitwa ndani. Binti yako mwite.

Karatasi: Naungana na aliyetangulia. Dada, Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji wa saratani tumboni mwaka 1941, akaponea chupuchupu. Akawa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu. Kusimama na brashi kukawa kugumu, akashika mkasi, akawa anakata maumbo kwenye karatasi zilizopakwa rangi. Wasaidizi ndio waliopaka, na ndio waliobandika ukutani huku yeye akielekeza. Alifanya hivyo mpaka alipofariki 1954, na kazi zile ni miongoni mwa zinazopendwa mno. Vidole vikikataa penseli, jaribu mkasi wa mpini mpana. Kupaka mpe binti.

Mwenye uzi: Nimewasoma wote, asanteni sana. Jana nilimwita binti nikamwambia, "Mwanangu, simuagi mtu. Nimerudi." Akanyamaza kitambo. Mwisho akauliza, "Unataka rangi gani?" Sasa kuna karatasi tatu za buluu zimeanikwa kwenye kamba, moja ina alama ya kidole gumba chake pembeni. Hiyo sitaikata. Daktari namwona Alhamisi. Baba yao bado hajasema kitu, ila mkasi kaunoa yeye.