TP (kazi ya mikono) ya labo: fishi (karatasi ya maagizo) ibakie ao tuipasule?

Mtoto wa Birere: Bandugu mutuamue. Tunasoma mambo ya ujenzi hapa Goma, mwaka wa pili. Juzi TP ya betoni, fishi inasema maji nusu ya uzito wa simenti, jaza kone ya Abrams (chombo cha chuma cha kupima kama betoni ni laini) kwa tabaka tatu, kila tabaka piga fimbo 25, inua, pima imeshuka ngapi. Tukainua. Betoni ikasimama tu na sentimita zake 30, kama mlima, haikushuka hata kidogo. Mwenzetu akaandika sentimita 7 juu raporo ya wenye walitutangulia ilikuwa na 7, tukapata 16 kwa 20. Kundi yenye iliandika ukweli, 9! Sasa hiyo labo inafundisha kufikiri ao kukopia? Mi naona wapasule fishi, watupe swali tu, njia tujitafutie.

Asistanti mchovu: Mdogo wangu polepole. Mimi ni asistanti kwengine, niko na banafunzi 80, kone moja, na umeme unaenda saa yoyote. Kila mtu akija na njia yake tutamaliza lini, na bado kubu za betoni za kupima nguvu zinangoja siku 28 mbele ya kuzivunja? Tena mwenye hajue hata kupima maji, unamwambia afikiri na nini? Fishi kwanza. Kudanganya namba ni kosa ya mwenye kuandika, na ya mwenye kumupa 16.

Fundi wa Majengo: Mi sikusoma hiyo chuo lakini nacheka hapa peke yangu. Kokoto yenu ni ya lava, si ndio? Ile volkano Nyiragongo ilitapika 2002, yenye iko kila parseli? Iko na matundu matundu, ikiwa kavu inakunywa maji yenu, betoni inabakia na kiu. Siye tunailowesha mangaribi, asubuhi njo tunachanga.

Mtoto wa Birere: Eeeh mzee asante! Kumbe ile 0 njo ilikuwa na habari yote, na tuliifuta na kalamu. Asistanti uko?

Asistanti mchovu: Niko. Hapo mzee amenipata, kwa fishi yetu pia hakuna mahali pa kuuliza kokoto ilitoka wapi, ni kavu ao imelowa. Nitaongeza, na kwangu mwenye ataandika 0 na kutafuta sababu hatapata 9. Lakini kuipasula, hapana.

Mtoto wa Birere: Basi Jumamosi naleta ndoo mbili za kokoto, moja imelala ndani ya maji, moja kavu. Simenti nani anatoa?