Naomba ushauri: mama hakai sebuleni, nifanye nini nyumba yangu impokee?

Mwana wa Pangani (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka mingi, lakini leo nimelazimika kuandika kwa sababu jambo lenyewe linanikereketa moyoni na sijapata wa kunisaidia kulitafakari.

Ninaishi Chamazi, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba vitatu niliyomaliza kuijenga mwaka 2021. Miezi minne iliyopita nilimleta mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, kutoka Pangani, kwa kuwa magoti yamemchosha na kule alikuwa amebaki peke yake. Mimi na mke wangu tulijitahidi sana kuiandaa sebule: sakafu ya marumaru nyeupe zinazong'aa, kuta nyeupe, dari la jipsamu lenye taa ndogondogo, makochi makubwa ya kijivu, meza ya kioo katikati, na mapazia mazito yanayofika chini. Wageni wote huisifu.

Mama hakai humo. Kila asubuhi, akimaliza chai, huchukua mkeka wake na kwenda kukaa nyuma, kwenye kibaraza kidogo cha mlango wa jikoni karibu na bomba, na huko hubaki hadi adhana ya magharibi. Mvua ikinyesha husogea jikoni, lakini haendi mbali zaidi ya hapo. Hata jirani aliyezoeana naye humpokea hukohuko. Nikimuuliza, hunijibu, "Hapa pananitosha, mwanangu." Juzi kulikuwa na wageni, nikamwomba aje akae nasi. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, mikono ikiwa mapajani na mtandio ukiwa begani, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe ofisini. Nilishindwa kula chakula changu.

Nina shilingi 700,000 nilizoziweka kando kwa ajili ya kuipamba upya nyumba. Nilikuwa nimefikiria karatasi za ukutani zenye maua na zulia kubwa. Pia ukuta wa sebule unaopakana na bafu umeanza kutoa unga mweupe na rangi inabanduka, na karatasi hizo zingenisaidia kuuficha. Naombeni mawazo yenu kabla sijatumia fedha hizi.

Fundi Rangi wa Temeke

Ndugu mleta mada, hongera kwa kumchukua mama. Naomba nianze na ukuta, kwa sababu pambo lolote utakaloliweka juu ya ukuta wenye unyevu litaharibika, na karatasi ndiyo itakayotangulia: gundi yake italegea, na nyuma yake kutaota ukungu ambao hutauona mpaka chumba kianze kunuka. Nimepaka nyumba za watu kwa miaka 19, na ukuta uliofichwa kwa karatasi ndio ulionipa kazi ngumu kuliko zote.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yakipita ndani ya tofali na lipu huyeyusha chumvi iliyomo, kisha yanapofika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha chumvi hapo, nayo ndiyo inayoisukuma rangi mpaka ibanduke. Kwa kuwa ni upande wa bafu, huenda bomba lililofukiwa ukutani linavuja kwenye kiungo, au maungio ya marumaru za bafuni yamefunguka. Jaribio la kwanza halina gharama: usiku mmoja fungeni mabomba yote, usome mita ya maji kabla ya kulala na uisome tena alfajiri kabla mtu yeyote hajayagusa. Ikiwa imesogea, mvujo upo. Ikiwa haikusogea, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache kwa siku moja au mbili. Ukikuta majimaji upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe, na pengine msingi haukuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu.

Zibeni kwanza chanzo. Baadaye mbandue lipu iliyoharibika mpaka kama nusu mita juu ya alama, mpige lipu mpya kwa mchanga safi usio wa bahari, na msubiri takriban siku 28 kabla ya kupaka. Akija mtu akakushauri upake rangi ya mafuta ili kuzuia unyevu, mkatalie kwa adabu, kwa sababu rangi hiyo huufungia unyevu ndani ya ukuta na utatokea mahali pengine.

Kuhusu rangi yenyewe, nyeupe kavu pamoja na marumaru nyeupe huifanya nyumba ifanane na zahanati. Rangi ya samli au ya kaki iliyofifia hupunguza ukali huo bila kukitia chumba giza. Usichague kwa kadi ya dukani. Nunua kopo dogo, paka kipande cha mita moja kwa mita moja, ukitazame asubuhi, jioni, na usiku taa zikiwaka.

Nesi Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, nimesoma habari za magoti na za kukaa ukingoni mwa kochi, nami naomba utazame hapo kwa makini kabla ya kufikiria maua ya ukutani. Makochi makubwa ya siku hizi huwa mafupi na yenye kina kirefu. Mtu mwenye magoti mabovu akizama humo hawezi kuinuka mpaka ashikwe mkono, na mama yako, kama wazazi wengi wa umri wake, hataki kuinuliwa mbele ya wageni. Huenda kakaa ukingoni kwa sababu hiyo tu.

Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti lake akiwa amevaa ndala. Kiti kinachomfaa ni kile ambacho sehemu ya kukalia inalingana na kipimo hicho au inakizidi kidogo, na kwa watu wengi huwa karibu sentimita 45. Kiwe na mikono imara ya mbao ili ajisukumie mwenyewe, na kitako kisichobonyea sana.

Marumaru zinazong'aa huteleza zikipata tone la maji, na kwa jicho la mzee hurudisha mwanga kiasi kwamba hajui kama mbele yake pana maji au pamekauka. Meza ya kioo nayo haionekani vizuri kwa mtu mwenye mtoto wa jicho. Iondoe katikati ya njia. Zulia ukilinunua, liwe jembamba, na kingo zake zikamatwe chini kwa mpira wa kuzuia kuteleza, kwa maana nimewahudumia wazee wengi waliovunjika nyonga kwa kujikwaa kwenye kingo za zulia ndani ya nyumba zao.

Bi wa Ngamiani

Kaka yangu, mama hajaikataa nyumba yako. Mama yuko uani.

Mimi ni mtu wa Tanga, na naamini mtu wa Pangani atanielewa. Nyumba ya Kiswahili tuliyokulia ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati ya vyumba vya kulia na kushoto, na nyuma kuna ua wenye jiko na maji. Baraza ya mbele ilikuwa hasa ya wanaume. Wanawake maisha yao yalikuwa uani: huko ndiko mchele ulikochaguliwa, nazi ilikokunwa, ukili ulikosukwa, na jirani alikoingilia kwa kupiga hodi mlango wa nyuma. Ulipomwambia aje akae kwenye makochi, ulikuwa unamwambia, bila kukusudia, akae mahali pa mgeni. Yeye amezunguka nyumba yote akatafuta ua wake, na alichokipata ni hicho kibaraza chako cha bomba.

Kwa hiyo nakushauri fedha hizo zianzie nyuma. Kiezekee kibaraza hicho ili mvua isimfukuze. Mjengee hapo baraza ya tofali kando ya ukuta, pana kiasi cha mtu kukunja miguu, ipigwe lipu vizuri, kisha juu yake litandikwe godoro jembamba na mkeka. Panda mrehani na asumini kwenye makopo, karibu kiasi kwamba akinyoosha mkono anachuma, maana mtu wa Pwani aliyezoea harufu ya kikuba jioni huikosa kama anavyokosa sauti za watu wake. Mtengee ndoano ya ungo wake na mahali pa mbuzi ya kukunia nazi, ili kila asubuhi asiwe mtu wa kuazima vifaa vya jikoni kwa mkwewe.

Sebule nayo isiachwe. Ondoa kochi moja upande wa dirisha, na hapo utandikwe mkeka mzuri wa ukindu wenye rangi, pamoja na mito ya kuegemea. Mkeka hauoshwi kwa maji mengi wala hauanikwi kwenye jua kali, la sivyo rangi zake hufifia na ukili hukatika. Upanguswe kwa kitambaa kibichi, kisha ukauke kivulini.

Nesi Mstaafu, Morogoro

Bi wa Ngamiani, nimekubaliana nawe kuhusu ua, na nimejifunza. Hata hivyo, naomba tusimrudishe mama sakafuni. Kukaa chini na kuinuka mara 10 kwa siku ndiko kunakoyamaliza magoti hayo. Hiyo baraza ya tofali iwe na urefu uleule nilioutaja, na huo mkeka wa sebuleni utandikwe juu ya kitanda cha kamba au benchi pana.

Bi wa Ngamiani

Umesema kweli, mama yangu, nami nasahihisha. Mkeka juu ya baraza, si chini.

Mzawa wa Lamu

Nawashukuru waliotangulia, hasa kwa habari ya ua. Nitaongeza mambo mawili, la kwanza likiwa taa, ambazo naona hazijaguswa. Kwenye boksi la taa ya LED huandikwa namba inayoishia na herufi K. Taa za 6500K hutoa mwanga mweupe wenye ubluu, unaofaa duka la dawa. Zile za 2700K au 3000K hutoa mwanga wa njano unaokaribiana na ule wa kandili, na ngozi ya mtu na rangi ya chakula huonekana vizuri chini yake. Karibu taa zote ndogo za dari la jipsamu nilizoziona majumbani ni za namna ya kwanza, nazo zikipiga juu ya marumaru nyeupe humchoma mtu machoni kutoka juu na kutoka chini kwa wakati mmoja. Badilisha taa, usipunguze mwanga, kwa sababu macho ya mzee yanahitaji mwanga mwingi kuliko yako. Weka taa moja ya pembeni karibu na mahali atakapokaa. Hayo mapazia mazito nayo yafungwe pembeni mchana, na katikati uning'inize kitambaa chepesi kinachopitisha upepo.

La pili ni kuta. Katika nyumba zetu za mawe kule Lamu, ukuta wa chumba cha ndani una vidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, ambamo vyombo vya kaure na vitu vya thamani vya nyumba huwekwa vionekane. Tofali zako hazina vidaka, lakini rafu mbili za mbao zitafanya kazi hiyo. Muulize mama alikuja na nini. Nina hakika liko sanduku ambalo bado hajalifungua.

Mwalimu wa Bukoba

Yote mazuri, ila sijaona mahali ambapo mke wako ameulizwa. Makochi hayo huenda aliyachagua yeye kwa mapenzi makubwa, na ukiyaondoa kwa ushauri wa watu wa mtandaoni utakuwa umempa mama nafasi kwa kumnyang'anya mwingine. Kaeni wote watatu kwanza.

Mwana wa Pangani (mleta mada)

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwa wiki saba kwa sababu nilitaka nirudi na jambo lililofanyika.

Mwalimu, ulinizuia nisikosee. Nilimsomea mke wangu uzi wote. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe hayapendi makochi hayo kwa kuwa yanamtoa jasho, ila alidhani mimi ndiye ninayeyapenda, nami nilidhani ni yeye. Moja tumemuuzia jirani.

Fundi, mita ilisogea. Kiungo cha bomba la kuogea kilikuwa kinavuja ndani ya ukuta, tena aliyekiunga nilikuwa nimemlipa vizuri. Kimezibwa, na lipu imepigwa upya.

Nesi, kipimo cha mama kilikuwa sentimita 43, na kochi, mtu akishakaa likabonyea, lilikuwa na 34. Nilisikitika nilipoziona namba hizo kwenye futi. Baraza ya nyuma imejengwa kwa sentimita 45, imeezekwa kwa mabati matatu, na seremala ametutengenezea kiti cha mikono kwa ajili ya sebuleni. Taa zimebadilishwa zote. Hadi sasa nimetumia shilingi 520,000, nikijumlisha bomba na lipu na kutoa fedha ya kochi lililouzwa.

Mzawa wa Lamu, sanduku lilikuwepo. Lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na vikombe sita vya kahawa, chetezo cha udongo, na picha ya baba akiwa amesimama kwenye kivuko cha Pangani, ambayo mimi sikuwahi kuiona. Rafu zilipokamilika mama hakutaka tumsaidie. Alivipanga vikombe, akavipangua, akavipanga tena huku picha ikiwa katikati, na alipomaliza akaomba kaa la moto kwa ajili ya chetezo.

Mchana bado yuko nyuma, na sasa binti yangu wa miaka minane humfuata huko na madaftari yake. Usiku hukaa kwenye kile kiti, karibu na taa, na mara mbili amenituma nifungue mlango wa mbele kwa sababu mgeni wake amefika. Lipu iko katika siku ya 17, kwa hiyo rangi itasubiri. Tulipaka vipande viwili vya majaribio kwenye ukuta wa upande wa pili, mama akavitazama kwa siku tatu, asubuhi na usiku, na amechagua ya samli.